Nyumba Isiyopigwa Hodi

Ti.

Tone moja la maji, kutoka bomba la jikoni hadi kwenye sufuria iliyokuwa chini yake. Siku za kawaida mtu hata halisikii. Lakini kwenye giza la chumba cha kulala nilimsikia Zulia akivuta pumzi kwa kifua kilichobana, na nilipomwekea kiganja ubavuni nikakuta mwili wote umekuwa ubao. Miguu minne imenyooka, shingo imerudi nyuma, meno yameumana. Nikasubiri. Hakuna la kufanya zaidi ya kusubiri, ukimbembeleza unamzidishia. Taratibu ule ubao ukaanza kuwa mbwa tena.

Nilinyata mpaka jikoni, nikakunja kitambaa cha vyombo nikakitandika ndani ya sufuria, matone yapate pa kuangukia. Nje jua la saa sita mchana lilikuwa linawaka. Ndani kwetu ulikuwa usiku, na tulikuwa tumeshaishi ndani ya usiku huo kwa zaidi ya wiki.

Tuna mbwa wawili. Karani ni dume, na jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kukaa mlangoni akimtazama kila anayeingia kama anamuuliza, "Na wewe shida yako nini?" Zulia ni jike, na kazi yake duniani ni kulala palepale unapotaka kupita. Siku ulipovuma upepo mkali walikuwa wamelala uani, chini ya ukuta wa mabati unaotutenganisha na karakana ya jirani. Ukuta ukalala juu yao.

Tulipotoka mbio tulimkuta Karani anarukaruka kwa miguu mitatu, wa mbele unaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Kelele zake zilijaza mtaa. Zulia alikuwa pembeni anajilamba unyayo. Alichomwa na msumari, katundu kadogo tu, ukikatazama unaona aibu hata kukaita jeraha. Macho ya wote yalikuwa kwa Karani.

Mume wangu ni dobi wa hospitali, zamu ya usiku. Dawa wanazofulia mashuka zinampasua vidole, naye kila akirudi asubuhi huziba nyufa zake kwa gundi, ile ya tone moja inayobandika hata soli ya kiatu. Madobi wote wa zamu yake hufanya hivyo. Basi kwa upendo uleule aliojifanyia yeye, akamshika Zulia mguu, akafuta udongo kwa kanga yangu, akadondosha tone moja juu ya tundu, akapuliza.

"Haya bibie, umepona," akamwambia. "Twende tukamwone mwenye shida."

Siku chache baadaye binti yetu alikuja jikoni akicheka. Ana miaka mitano, na mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuzimwa.

"Mama, njoo uone, Zulia anacheka!"

Nikaenda. Kweli, alionekana anacheka. Midomo imevutwa nyuma, masikio yamesimama na kusogeleana kama yanataka kunong'onezana, ngozi ya paji imejikunja. Na mimi nikacheka. Tulicheka sote mpaka jioni, alipoinamia bakuli la maji akashindwa kufungua kinywa.

Daktari wa mifugo alikuja na buti zake za mpira, mwanamke mfupi anayenuka zizi, maana wateja wake wengi ni ng'ombe. Alimpapasa Zulia mgongo, kisha akageuza nyayo moja moja mpaka akafika kwenye kile kitundu. Akagonga kwa ukucha. Kikalia kama plastiki.

"Nani kaziba hapa?"

Mume wangu akaficha mikono nyuma kama mtoto.

"Ni pepopunda," daktari alisema. "Mdudu wake hataki hewa. Nyie mmemjengea nyumba na mlango mkamfungia."

"Atapona?" nikauliza.

"Wapo wanaopona. Mimi nitampiga sindano, nitalifungua hili jeraha nilisafishe. Lakini kinachomponya hasa ni vitu viwili ambavyo kwangu havipo: giza na kimya. Kelele kidogo tu, mwili unakaza, na akikaza sana anakosa pumzi. Kwangu nina mbuzi na majogoo. Atakaa hapahapa."

"Na huyu wa mguu?"

Karani alikuwa amelala na plasta yake nyeupe, ile ngumu aliyofungwa mguuni siku ya upepo, anamtazama daktari kama anasubiri kitambulisho.

"Huyo asitembee. Mfungieni mahali padogo mpaka mfupa ushike."

Ndivyo tulivyofungwa. Mmoja hatakiwi kusogea, mwingine hatakiwi kusikia, na huyo asiyetakiwa kusogea riziki yake ni kubweka.

Zulia tulimpa chumba cha kulala, kwa kuwa kilikuwa na giza tayari. Mume wangu hulala mchana, na dirisha tulishalipigilia blanketi siku nyingi. Karani tukamweka sebuleni, ndani ya kile kitanda cha mtoto chenye vizuizi ambacho Redio alikuwa amekiacha. Miguu ya viti tukaivisha soksi. Simu nikaizima nikaiweka ndani ya unga. Redio naye tukamzima.

"Kuanzia leo tunaongea kwa pumzi tu," nikamwambia.

"Mpaka lini?" akauliza, kwa pumzi tu, macho yamemtoka kwa raha. Aliona ni mchezo.

Siku ya kwanza adui alikuwa hodi. Sijawahi kujua watu wanapiga hodi mara ngapi kwa siku. Muuza sabuni, hodi. Mwenye kuazima pasi, hodi hodi. Na kila hodi Karani anajibu kutoka kitandani kwa sauti ya mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na chumbani Zulia anakuwa ubao. Nikachukua kadibodi nikaandika kwa herufi kubwa, nikaitundika getini: HAPA HAPAPIGWI HODI. KUNA MGONJWA.

Kosa kubwa. Uliona wapi watu wakaambiwa kuna mgonjwa wakakaa makwao? Kabla ya jioni walikuja kina mama watano, mmoja na machungwa, mmoja na sukari. Mshonaji wa nyumba ya tatu alinishika mkono kwa uchungu.

"Pole, Mama Redio. Ni baba mtoto?"

"Hapana. Ni Zulia."

"Maskini. Mgeni wenu?"

"Mbwa wetu."

Akaniangalia. Akayaangalia machungwa yake. Nilimwona anapima kama heshima inamruhusu kuondoka nayo. Mwisho akaniachia mawili.

Mume wangu ndiye aliyeleta dawa ya hodi. Alifunga uzi wa nailoni getini, akaupitisha dirishani, na mwisho wake akaufunga kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Anayetaka kuja avute. Akavuta mara mbili kujaribu.

"Unasikia?"

"Nasikia. Sasa nimebaki kutafunishwa nyasi tu."

Alicheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Halafu akaenda kulala chumbani kama kawaida yake, na hata robo saa haikupita nikamsikia anakoroma. Nilimtoa kwa kumvuta miguu. Tangu siku hiyo akawa analala jikoni juu ya mkeka, kichwa karibu na ndoo, na kitambaa mdomoni.

Karani tukagundua kitu kimoja: akiwa na mkono wa mtu mgongoni, habweki. Tulijaribu mto. Tulijaribu shati la mume wangu lililojazwa nguo. Hakudanganyika. Alitaka mkono wenye damu ndani yake. Basi nikawa nakaa sakafuni kati ya vyumba viwili, mkono wa kushoto umepita kwenye vizuizi uko juu ya Karani, sikio la kulia liko kwa Zulia, uzi kwenye kidole cha mguu. Nikiinuka ni kwa kubadilishana zamu na Redio au na baba yake. Namgeuza Zulia ubavu asipate vidonda. Namfuta macho. Namminya tumbo la chini taratibu mpaka mkojo utoke, maana hata huo alikuwa hawezi mwenyewe. Namlisha uji mwepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ninapenyeza kwenye kona ya shavu, nyuma ya meno, kidogo kidogo. Nusu unarudi na kunilowanisha mapaja. Kisha narudi sakafuni, mkono kwa Karani.

Masomo yangu ya jioni yakapita bila mimi. Mimi ni mtu wa darasa la watu wazima, wale wanaoingia na daftari wakati wenye umri wao wanatoka kazini. Nilianza masomo hayo nikiwa na Redio mgongoni, na nilikuwa sijakosa hata jioni moja. Sasa nikawa nasogeza kitabu mpaka kwenye mstari wa mwanga uliokuwa chini ya mlango, nasoma kwa mkono mmoja. Ilikuwa jiografia, sura ya mito: unapoanzia mto, unavyopanuka, unavyoingia baharini. Nikasoma habari za maji yanayokwenda popote yanapotaka, na mimi hata kwenda chooni naomba ruhusa kwa mbwa.

Mama mkwe alikuja na hakuvuta uzi. Aliukanyaga.

"Mke mwenzangu yuko wapi?" akauliza kwa sauti yake ya sokoni. Hivyo ndivyo anavyomwita mjukuu wake.

Chumbani nikasikia kucha zikikwaruza sakafu. Redio alimkimbilia bibi yake akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bibi akapigwa na butwaa. Akakaa. Akavua kilemba taratibu, akanitazama pale chini, na uzi wangu, na mkono wangu uliopotelea kitandani.

"Mwanangu," akasema, safari hii kwa kunong'ona, "nani mgonjwa humu?"

"Zulia, mama."

"Mi naona wanne. Mwanangu analala na ndoo. Mkwe wangu amefungwa kama kuku wa sikukuu. Mjukuu wangu hasemi. Na yule mwenye plasta ndiye bwana mkubwa."

"Atapona, mama."

"Na asipopona?"

Nikakaza uzi kidoleni. Alinyanyuka akaingia chumbani, peku, na akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipotoka alikuwa anajifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Mbwa hafi maji akiona ufuko," akasema. "Ila huyu sijui kama anauona. Humo ndani hata mimi sikuona mkono wangu."

Aliondoka na Redio kwenda kumnunulia biskuti. Waliporudi, mama mkwe alinivuta pembeni.

"Dukani ameulizwa anataka ipi, akanong'ona. Muuza duka akamwambia sema, mama, sikusikii. Akanong'ona tena. Nje, mchana kweupe, pikipiki zinapita. Nikamwambia ongea, mke mwenzangu, huku hakuna mgonjwa. Akatikisa kichwa."

Hilo liliniuma kuliko mgongo. Jioni nilimtoa Redio uani, nikamwambia imba. Akafungua kinywa na hewa ikatoka, laini kama ya mtu anayepuliza chai. Nikamwambia hapa unaruhusiwa. Akaangalia dirisha lenye blanketi, akaniwekea kidole midomoni.

Mume wangu hakuwahi kusema neno juu ya ile gundi. Lakini siku moja alipokuwa amelala pale jikoni, mikono imelegea kwenye mkeka, niliona vidole vyake vimepasuka vyote, wazi, vingine vina damu mbichi. Hakuwa ameviziba tangu siku ile daktari alipogonga kwa ukucha. Nilivipaka mafuta bila kumwamsha.

Daktari alikuwa anakuja na kwenda na sindano zake. Alhamisi alimpapasa Zulia taya, akajaribu kupitisha kidole kati ya meno, hakikupita. Akanitoa nje kabisa, mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Mama Redio, nikwambie ukweli. Dawa zimefanya kazi yake. Mikakamao imepungua, hata wewe unaona. Lakini kinywa. Uji unaomwingia haumtoshi, anakwisha tukimtazama. Ukimshika nyonga, utahesabu mifupa. Nitakuja Jumamosi. Nikikuta meno bado yameumana, tumpumzishe."

"Nani ampumzishe?"

"Mimi. Sindano moja. Hatasikia."

Nikakubali kwa mdomo. Daktari alinishika bega kwa mkono wake wa zizi, akaenda.

Usiniulize Ijumaa ilipitaje. Nilifanya kila kitu kwa zamu zilezile, ila nilipokuwa nampa uji nilikuwa namwomba. Fungua, mama. Fungua kidogo tu, hata kwa upana wa kucha. Uji ulishuka vizuri kuliko jana yake, au niliona hivyo kwa kuwa nilitaka kuona. Nilijikataza kutumaini na bado nikatumaini, ndivyo nilivyo. Redio alikuwa amekaa mlangoni.

"Daktari akija kesho atafanya nini?" akauliza kwa pumzi.

"Atamsaidia Zulia alale."

"Si analala kila siku?"

Nikamwambia akamshike Karani, mimi nina kazi.

Jumamosi uzi ulinivuta kidole wakati namenya kwa mkono mmoja viazi vya kuchemsha vilivyopoa. Mara mbili, kwa adabu. Daktari huvuta mara mbili. Nilikaa kidogo nikikitazama kidole changu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Nikaufungua uzi.

"Redio, njoo umshike Karani. Usimwachie."

Alikuja na kiazi chake mkono wa kulia, akapitisha wa kushoto kwenye vizuizi. Karani akashusha kichwa. Nikapita jikoni nikamgusa mume wangu bega. Aliinuka mara moja; sidhani kama alikuwa amelala.

Tulisimama watatu nje ya mlango wa mbele, tukaurudisha nyuma yetu. Daktari alikuwa na mkoba. Siku nyingine huuweka chini. Leo aliushika.

"Vipi?" akanong'ona.

"Uji umeshuka vizuri jana."

"Na taya?"

"Sijajaribu leo."

"Mama Redio."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Si mimi ninayekunyima Jumatatu. Ni mwili wake. Ukiona mtu anaumwa hivi..."

"Asingeumwa," mume wangu akasema. Sauti yake ilitoka nene, haikuwa ya kunong'ona, akashtuka mwenyewe, akaishusha. "Asingeumwa hata siku moja kama si mimi. Mnajua, na mimi najua. Basi muacheni mpaka Jumatatu, nitamlisha mimi. Naomba ruhusa kazini. Nitamkalia mimi."

"Baba, hukukusudia," daktari alisema kwa upole. "Wangapi wanaziba vidonda kwa majani, kwa masizi, kwa mafuta ya baiskeli. Lakini anayeteseka ni yeye. Hebu tuingie tumtazame."

Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, na nilijua nikiondoka pale mlango utafunguka, na mkoba utaingia, na utakapotoka nyumba yangu itakuwa na madirisha wazi na viti visivyo na soksi na simu inayolia, kila kitu nilichokuwa nakitamani. Nikaukandamiza mgongo kwenye ubao.

Ndipo Karani alipobweka.

Hakubweka mara moja. Alibweka yote aliyokuwa amefungiwa, kwa kifua kizima, na kitanda kikawa kinagonga ukuta, na plasta inagonga kitanda. Redio alikuwa ametoa mkono. Mume wangu alishika fremu ya mlango. Sote watatu tuligeuza sikio upande uleule, tukingoja ile sauti ya chumbani, kucha kwenye sakafu, pumzi iliyokwama. Daktari alifumba macho. Karani alibweka mpaka sauti ikamkauka, akanyamaza kutupa nafasi.

Chumbani hakukusikika kucha. Hakukusikika kitu. Nikafikiri, basi, imekwisha, moyo wa Zulia umesimama. Nikauacha mlango, nao ukafunguka wenyewe nyuma yangu.

Na kutoka ndani ya giza, kwa sauti yake yote, ile ambayo mtaa ulimpatia jina kwa ajili yake, Redio akasema:

"Mama, Zulia amekula kiazi changu."